Shelfu la Tunduma mbele ya jicho la kompyuta

MTEJA anayevuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, kuja kununua mahitaji yake Tunduma hana muda wa kuzunguka. Anasimama mlangoni mwa duka, anatupa jicho mara moja kwenye mashelfu yaliyo nyuma ya kaunta, na asipokiona anachokitaka anahamia duka la pili, ambalo liko hatua chache tu kutoka lile la kwanza. Hakuuliza bei wala hakuuliza kama mzigo upo stoo. Pengine mzigo ulikuwapo, tena umenunuliwa kwa fedha za mkopo, ila ulikuwa umefichwa na katoni za biskuti.

Hasara ya namna hiyo haiandikwi kwenye daftari lolote. Mwenye duka huandika alichouza na alichokopesha. Haandiki mteja aliyegeukia mlangoni. Ndiyo maana suala la kupanga bidhaa dukani limekuwa likichukuliwa kama la urembo, jambo la kumwachia kijana wa dukani siku ambayo hakuna wateja, wakati kwa hesabu za kiuchumi ni suala la mtaji: fedha ipi imelala, ipi inazunguka na ipi imekwenda kwa jirani.

Katika miaka ya karibuni, kazi hiyo ya kulitazama shelfu na kusema limepangwa vizuri au vibaya imeanza kufanywa na kompyuta zenye kile kinachoitwa akili mnemba. Kifaa kinachohitajika si kikubwa tena. Simu yenye kamera inatosha kupiga picha, na programu inahesabu kilichomo, kilichopungua, kilichogeuzwa mgongo na kilichowekwa mahali pasipoonekana.

Kwa mkoa kama Songwe, ambao ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na zaidi ya watu milioni 1.3, habari hiyo si ya kupuuzwa. Tunduma ni mji unaoishi kwa duka na lori. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na tangu Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha forodha, magari na abiria hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mahindi, maharage na kahawa vinatoka Mbozi na Ileje, mpunga unatoka bonde la Kamsamba, na fedha inayopatikana inarudi mashambani ikiwa sukari, mafuta ya kula, sabuni, vitenge, mbegu na mbolea.

Swali ambalo wenye maduka wa Sogea, Majengo au Mpemba wanapaswa kujiuliza kabla ya kushangilia ni moja. Picha ya shelfu ikishapigwa, faida yake inaingia mfukoni mwa nani?

Kompyuta inavyosoma shelfu

Wakulima wa muhogo nchini wana mfano wa karibu wa teknolojia hii. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, humwezesha mkulima kuelekeza kamera kwenye jani la muhogo na kuambiwa, kwa Kiswahili, kama lina batobato, michirizi ya kahawia au uharibifu wa utitiri. Msingi wake ni utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambao kompyuta ilifundishwa kwa picha zisizofika 3,000 zilizopigwa katika mashamba ya hapa hapa Tanzania.

Shelfu husomwa kwa njia hiyo hiyo. Kompyuta huonyeshwa picha nyingi za pakiti ya chumvi: imesimama, imelala, imefunikwa nusu, iko kwenye mwanga na iko gizani. Mwisho wake inaitambua popote itakapoiona. Ikishazitambua bidhaa zote za shelfu, inalinganisha ilichokiona na ramani ya namna shelfu lilivyotakiwa kuwa, kisha inatoa taarifa: chumvi imekwisha, sabuni ya unga imewekwa mahali pa dawa ya meno, bei ya mafuta haijabandikwa.

Tofauti kati ya jani na shelfu inaanzia kwenye picha zilizotumika kufundishia. Mwaka 2019 watafiti walichapisha mkusanyiko mkubwa wa picha za mashelfu ambao umetumiwa na wengi tangu hapo. Una picha 11,762, na kwa wastani kila picha ina bidhaa 147 zilizowekewa alama moja moja na binadamu. Watafiti hao walieleza kwamba picha zilipigwa katika maelfu ya supamaketi, zikiwamo za Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki. Afrika hawakuitaja.

Maana yake kwa Tunduma ni rahisi kuielewa. Kompyuta iliyofundishwa kwa mashelfu marefu yenye taa nyeupe itaitambua soda ya chupa ya plastiki bila shida, maana ni ile ile duniani kote. Mchele wa Kamsamba uliofungwa kwenye mfuko mweupe usio na maandishi haitautambua. Unga uliosagwa Mlowo na kutiwa lebo iliyochapishwa kwenye duka la steshenari nao utaipita. Asali ya chupa ya maji ya kunywa ndiyo kabisa. Bidhaa za viwandani zitahesabiwa, za mkulima wa Songwe zitakuwa "kitu kisichojulikana", na kisichojulikana hakipewi nafasi kwenye ramani ya shelfu.

Wasindikaji wadogo wenye nia ya kuingia maduka makubwa wangefanya vyema kulitafakari hili wanapochagua vifungashio. Bakodi, ile alama ya mistari myeusi ambayo kwa zile zinazotolewa Tanzania namba zake huanzia na 620, iliwahi kuonekana kuwa mzigo wa gharama tu. Lebo isiyobadilika rangi kila inapochapishwa upya nayo ilionekana anasa. Kwa mashine inayotazama, hivyo viwili ndivyo jina la bidhaa.

Kaunta si supamaketi

Elimu yote ya kupanga bidhaa ili zijiuze zenyewe ina asili moja. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis huko Marekani, mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambalo wateja waliingia, wakachukua kikapu na kujichagulia. Kabla ya hapo mteja alimtajia muuzaji, na muuzaji akaenda kuchukua. Saunders alipomwondoa muuzaji katikati, shelfu likawa ndilo muuzaji. Hapo ndipo zilipozaliwa kanuni zinazofundishwa hadi leo: chenye faida kiwekwe usawa wa macho, vya watoto viwekwe chini, na mahitaji ya kila siku yawekwe mwisho wa duka ili mteja apite kwenye mengine.

Maduka mengi ya Tunduma yamebaki upande ule mwingine wa mwaka 1916. Kuna kaunta, mara nyingine kuna wavu wa chuma juu yake, na mteja anasoma shelfu kwa umbali wa mita mbili huku bega la muuzaji likiwa katikati. Hawezi kushika pakiti akaigeuza asome uzito. Anayekuja na kijana wa kumbebea mzigo, ambaye ameandikiwa orodha na jirani zake watano wa Nakonde, hana hata haja ya kushika.

Kwa hiyo programu iliyotengenezwa kwa ajili ya supamaketi ikimwambia mwenye duka la kaunta aweke sabuni ya bei ya juu usawa wa macho, itakuwa imejibu swali ambalo hakuulizwa. Usawa wa macho wa nani? Mteja wa kaunta hutazama juu ya kichwa cha muuzaji, na shelfu ambalo supamaketi hulidharau, la juu kabisa, ndilo linaloonekana vizuri kuliko yote akiwa barabarani. La katikati limefunikwa na mizani, chupa za pipi na muuzaji mwenyewe.

Supamaketi zenyewe zimewahi kufika nchini zikiwa na mipangilio yote ya kitaalamu. Shoprite ya Afrika Kusini ilijiondoa Tanzania mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania Oktoba 2015. Nakumatt ilifuata, na Januari 2020 wadai wake huko Kenya walipiga kura kampuni ifilisiwe. Kilichoonekana kwa macho katika miezi ya mwisho ya Nakumatt ni mashelfu matupu, kwa sababu wasambazaji waliokuwa wakidai fedha zao walisitisha kuleta mzigo. Hakuna programu inayoweza kulipanga shelfu ambalo msambazaji wake hajalipwa.

Hata kwa matajiri wakubwa hesabu haijakaa sawa wakati wote. Kampuni ya Walmart ya Marekani ilivunja mwaka 2020 mkataba wake na watengenezaji wa roboti za kukagua mashelfu, zilizokuwa zimefika katika maduka takriban 500. Kazi ile ile, ilionekana, ingeweza kufanywa na wafanyakazi waliokuwa tayari wanapita humo dukani. Mwenye duka wa Tunduma, ambaye mfanyakazi wake ni mdogo wake au mpwa wake, asione haya kujiuliza hivyo hivyo.

Hesabu ya nafasi

Kuna sehemu moja ambayo kompyuta humzidi binadamu bila ubishi, nayo ni kukumbuka. Mwaka 1994 watafiti wa kampuni ya IBM, Rakesh Agrawal na Ramakrishnan Srikant, walionyesha njia ya haraka ya kuchambua maelfu ya manunuzi na kugundua vitu vinavyonunuliwa pamoja. Mwenye duka anajua kwamba sukari huandamana na majani ya chai. Asichokijua ni kile kinachoandamana na betri za tochi kila mwezi wa Machi, maana hakuna kichwa kinachoweza kubeba hesabu hiyo.

Lakini kompyuta haikumbuki kisichoandikwa. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na kwa nadharia kila duka lenye mashine hiyo lina kumbukumbu ya mauzo yake. Kwa vitendo risiti nyingi husomeka "bidhaa mchanganyiko" na jumla ya fedha. Sababu zinajulikana. Foleni ni ndefu, mashine ina maneno machache, na mfanyabiashara haoni kwa nini amwandikie ofisa wa kodi kila pakiti. Matokeo yake ni kwamba duka linaweza kuwa na miaka 10 ya risiti na lisiwe na hata siku moja ya kumbukumbu.

Umuhimu wa kumbukumbu hiyo unaonekana kwa mfano mdogo, ambao namba zake ni za kufundishia tu. Tuseme nafasi ya mita moja ya shelfu inaweza kubeba pakiti 20 za bidhaa ya kwanza, inayonunuliwa kwa Sh1,700 na kuuzwa Sh2,000. Nafasi hiyo hiyo inaweza kubeba pakiti 20 za bidhaa ya pili, inayonunuliwa kwa Sh12,500 na kuuzwa Sh15,000. Wenye maduka wengi wataichagua ya pili, kwa kuwa faida ya Sh2,500 kwa pakiti ni kubwa kuliko Sh300.

Sasa weka mzunguko. Ya kwanza inauzwa pakiti 40 kwa wiki, hivyo inaleta Sh12,000. Ya pili inauzwa pakiti tatu, inaleta Sh7,500. Mtaji uliolala kwenye shelfu kwa ya kwanza ni Sh34,000, kwa ya pili ni Sh250,000. Kila Sh100 iliyowekwa kwenye bidhaa ya kwanza imezaa Sh35 kwa wiki moja, na iliyowekwa kwenye ya pili imezaa Sh3. Kama mtaji huo ni wa kikundi cha kukopeshana au ni wa benki, riba haitasubiri pakiti ya pili iuzwe.

Mwenye duka hatalazimika kuiondoa bidhaa ya pili. Atapunguza pakiti kutoka 20 hadi tano na kuzileta mbele zionekane, na fedha inayobaki atanunulia kitu kingine. Hiyo ndiyo kazi halisi ya upangaji wa bidhaa, na hakuna sehemu yake inayohusu kupendeza.

Picha ni ya nani?

Si jambo geni siku hizi kumwona ofisa mauzo wa kampuni ya vinywaji au ya sabuni akiingia dukani, akisalimia, akitoa simu na kupiga picha friji au shelfu. Mwenye duka huchukulia ni mambo ya ofisi yao. Kwa kampuni kubwa duniani, picha za namna hiyo hupelekwa kwenye programu inayohesabu chupa: zetu ngapi, za mpinzani ngapi, ziko mstari wa ngapi. Kutokana na hesabu hiyo huamuliwa nani apewe punguzo, nani aletewe friji jipya na nani anyang'anywe.

Duka limetoa picha, kampuni imepata takwimu. Mwenye duka hakuambiwa kwamba kinywaji kile kinauzwa haraka zaidi mtaa wa pili, wala kwamba mstari wa chini wa friji lake haujaguswa kwa wiki mbili. Programu haikuandikwa kwa ajili yake. Ukiiuliza imsaidie nani, itamsaidia aliyeilipia.

Vita ya nafasi ya kuonekana si ngeni Tanzania. Mwaka 2010 Tume ya Ushindani ilitoa uamuzi dhidi ya Kampuni ya Bia Tanzania, TBL, kufuatia malalamiko ya mpinzani wake, Serengeti Breweries, yaliyohusu mabango, rangi na matangazo ndani ya baa na vilabu, uamuzi ambao TBL iliukatia rufaa. Huko Ulaya, mwaka 2005, Coca-Cola ilikubali mbele ya Tume ya Ulaya kwamba katika maduka yasiyo na friji jingine la kupozea vinywaji, mwenye duka awe huru kutumia asilimia 20 ya nafasi ya friji lake kwa vinywaji vya wengine. Katika mashauri yote mawili hapakuwa na kompyuta inayotazama. Kilichobishaniwa ni nani mwenye neno la mwisho juu ya kinachoonekana ndani ya biashara ya mtu mwingine.

Kompyuta inaongeza ukali wa jambo hilo. Zamani ofisa mauzo angeweza kufumba macho akikuta maji ya kiwanda cha Mbeya kwenye friji la kampuni, maana ni mtu na wanajuana. Picha haifumbi macho.

Mwenye duka anayeombwa picha ana haki ya kuuliza inakwenda wapi, na kuomba naye aletewe hesabu inayotoka humo. Wachache wameuliza. Na kwa wale wanaofikiria kufunga kamera zinazofuatilia nyuso za wateja wameangalia shelfu lipi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Duka la pembejeo

Mahali ambapo ushauri wa kompyuta unaweza kuleta madhara makubwa kuliko hasara ya fedha ni kwenye duka la pembejeo. Songwe ni mkoa wa mvua za msimu mmoja. Mahindi hupandwa Novemba na Desemba, na ndani ya wiki chache hizo mwenye duka huuza sehemu kubwa ya mbegu na mbolea ya kupandia ya mwaka mzima. Baadaye inakuja mbolea ya kukuzia, kisha dawa. Tangu kiwavijeshi vamizi alipoingia nchini mwaka 2017, dawa za kumwua zimepata nafasi ya mbele katika kila duka.

Programu iliyofundishwa kuongeza mauzo itatazama duka hili na kusema mambo yanayoonekana ya busara. Mbegu ndiyo inayotafutwa, kwa hiyo iwekwe mlangoni, kwenye dirisha, ambako pakiti zake za rangi zitamvuta mkulima anayeshuka kwenye basi. Dawa ya maji yenye faida kubwa iwekwe usawa wa macho. Dawa ya unga ya bei ndogo ishushwe chini.

Kila moja ya shauri hizo ni kosa. Mbegu ni kiumbe hai, na jua la dirishani linaiua taratibu bila pakiti kuonyesha dalili yoyote. Kanuni ya zamani ya wataalamu wa mbegu, iliyopewa jina la Harrington, inasema kwamba ndani ya mipaka fulani kila joto la mahali pa kuhifadhia likipungua kwa nyuzi 5 za Selsiasi, uhai wa mbegu huongezeka maradufu. Ukiigeuza, ndiyo hesabu ya dirisha la bati la Tunduma mwezi Oktoba. Mkulima atanunua kilo 10, atapanda ekari, na zitaota mbili kati ya kila tano. Hatajua kama ni mbegu feki, mvua au jua la dirishani, na lawama ataipeleka kwa kampuni ya mbegu.

Dawa za maji nazo hukaa shelfu la chini, na za unga juu yake, kwa sababu chupa ikivuja inavujia sakafuni na si juu ya pakiti nyingine. Dawa yoyote haikai karibu na mbegu wala na chakula. Mbolea hukaa juu ya chaga za mbao ili isinyonye unyevu wa sakafu. Kanuni hizi muuza pembejeo aliyepata mafunzo anazijua. Programu ya mauzo haizijui, isipokuwa mtu aiambie.

Hata hivyo ni duka hili hili ambalo kompyuta ingelifaa kuliko duka la sukari. Kazi ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye chupa 300, zilizoandikwa kwa maandishi madogo chini ya kitako, huwa haifanyiki. Picha inaweza kuifanya kwa dakika chache, na chupa ambazo muda wake unakaribia zikaletwa mbele zikauzwa kabla, au zikatengwa zikishapita. Kadhalika namba za usajili wa viuatilifu, ambazo msimamizi wake ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na lebo za Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu (TOSCI). Kwa mkulima anayefika kaunta na kusema tu "nipe dawa ya wadudu", kinachoonekana mbele ndicho atakachopewa, na kama ni cha mwaka juzi ndicho atakachokipuliza.

Mpaka ukifungwa

Upo udhaifu mwingine ambao wakazi wa mpakani wataufahamu haraka. Kompyuta hujifunza kwa yaliyopita. Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na duka lililokuwa likiuza kwa wateja wa upande wa pili lilibaki na mzigo wake. Mwaka 2024 ukame mkubwa uliikumba Zambia, serikali yake ikautangaza kuwa janga la taifa mwezi Februari, na mahindi ya Tanzania yakatafutwa kuvukia huko. Programu iliyokuwa na kumbukumbu za mwaka 2019 isingeweza kuotea lolote kati ya hayo. Mwenye duka aliyekuwa na ndugu Nakonde alijua mapema.

Na intaneti si ya kutegemewa kila siku. Ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, chochote kilichokuwa kikisubiri majibu kutoka mtandaoni kilisimama. Programu inayofaa Tunduma ni ile inayofanya hesabu ndani ya simu yenyewe, kama Nuru inavyosoma jani katikati ya shamba lisilo na mtandao.

Anayetaka kujaribu hahitaji kununua programu ya gharama. Programu za mazungumzo za akili mnemba, zilizoenea tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, zinapokea picha na kujibu kwa Kiswahili. Mwenye duka anaweza kusimama pale anaposimama mteja, upande wa nje wa kaunta, akapiga picha na kuuliza ni bidhaa zipi hazionekani na bei zipi hazisomeki. Majibu yatakuwa na makosa kidogo, hasa kwenye majina ya bidhaa za hapa nyumbani, na ushauri wa nini kiwekwe wapi usifuatwe bila kupimwa. Lakini kuona duka lako kwa jicho la mgeni ni jambo gumu kwa aliyekaa ndani yake miaka minane, na hapo mashine inasaidia.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Chagua bidhaa nne. Andika kila jioni zimeuzwa ngapi kwa wiki mbili. Badilisha nafasi zake mbili tu, mbili ziache zilipo, kisha andika tena wiki mbili. Zile zilizoachwa ndizo zitakazoonyesha kama mauzo yamepanda kwa sababu ya nafasi au kwa sababu mwisho wa mwezi umefika na walimu wamelipwa. Kwenye duka la pembejeo zoezi hili lifanyike kwa bidhaa zisizo na sumu, na lifanyike Septemba na Oktoba, maana Novemba mvua ikishanyesha Mbozi, foleni ya wanaotaka mbegu haimpi mtu nafasi ya kushika kalamu.